Mabao tisa haya ni ya nani?

Kahawa ilikuwa imemiminwa mara ya pili ubishi ulipofika kwenye Kombe la Dunia.

Kijiwe chetu kiko Mwenge, nyuma ya vibanda vya wachonga vinyago, na jioni ile tulikuwa tunabishania Mwafrika aliyefunga mabao mengi kuliko wote kwenye Kombe la Dunia. Kijana mmoja wa bodaboda akasema ni Asamoah Gyan wa Ghana, mabao sita. Hakuna aliyempinga, maana ndivyo ilivyoandikwa. Mimi nikadakia: "Tisa. Eusébio. Tena yote mwaka mmoja, 1966."

Nililisema kwa kifua mbele. Nimekuwa nikilisema vijiweni tangu nikiwa sekondari, na kila mara watu hutikisa kichwa kukubali, kisha mmoja huongeza kwamba Wareno walituibia.

Safari hii mzee mmoja aliyekuwa kimya pembeni, akipiga msasa kinyago cha mpingo, aliinua uso. Tunamwita Babu tu. Alizaliwa Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, akavushwa mto akiwa mgongoni mwa mama yake wakati wa vita.

"Hayo mabao alimfungia nani?"

"Babu, yule alikuwa mwenzetu. Mzaliwa wa Msumbiji."

"Sikukuuliza alizaliwa wapi, mwanangu. Nimekuuliza alimfungia nani."

Akarudi kwenye msasa wake.

Nilinyamaza. Majuma matatu yamepita na swali lile bado linanijia, nikiwa kwenye daladala, nikiwa kitandani. Naandika ili nilitazame vizuri.

## Mtaa wa mabati

Eusébio da Silva Ferreira alizaliwa tarehe 25 Januari 1942 katika mtaa wa Mafalala, Lourenço Marques, jiji ambalo leo ni Maputo.

Kabla ya kuuona mpira, ni vizuri kuiona Mafalala. Jiji lilikuwa mawili. Moja la saruji, na barabara pana zenye miti ya kivuli, ndilo la Wareno. La pili lilianza pale lami ilipoishia: matete, mbao na mabati, maana huko kwa wenyeji kujenga nyumba ya kudumu ya tofali kwa kawaida hakukuruhusiwa. Mafalala ilikuwa huko. Walikaa watu waliotoka kaskazini, Wamakua na wengineo, na Wakomoro, Waislamu wenye misikiti yao, watu ambao bibi zetu wa mwambao wangeelewana nao kwa salamu na kwa kanzu. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, aliishi mtaani humo alipokuwa muuguzi. Joaquim Chissano, aliyemfuata urais, naye aliishi humo. Mshairi José Craveirinha pia.

Nawaza vichochoro vile. Mtoto anayekimbia na mpira wa soksi iliyoshindiliwa magazeti, na kijana muuguzi anayerudi kazini akiwa na hasira moyoni. Mmoja atavaa jezi ya Ureno. Mwingine atashika bunduki dhidi ya Ureno.

Mtaa ni huohuo.

Baba yake Eusébio alikuwa mzungu kutoka Angola, mfanyakazi wa reli. Alifariki kwa pepopunda mwanawe akiwa na miaka minane. Mama, Elisa, akabaki na watoto. Kijana alicheza peku kwenye timu ya mtaani iliyojiita Wabrazili, kila mmoja akijipachika jina la nyota wa Brazil, kisha akaingia Sporting ya Lourenço Marques, tawi la klabu kubwa ya Lisbon yenye jina hilo. Huko akawa gumzo. Habari zake zikamfikia kocha wa Benfica, klabu nyingine kubwa ya Lisbon, Béla Guttmann, Myahudi wa Hungaria, na inasimuliwa kwamba alizipata akiwa kwa kinyozi, kutoka kwa Mbrazili José Carlos Bauer aliyekuwa ametoka kumwona.

## Abiria aliyeitwa Ruth

Desemba 1960 kijana wa miaka 18 alipanda ndege kwenda Lisbon.

Sporting walitaka aje kufanyiwa majaribio tu. Benfica waliweka fedha mezani, wakaongea na mama. Kwa kuogopa wapinzani wao wasimnyakue, Benfica walimpa jina la siri la kike, Ruth Malosso, na alipofika walimficha kwa muda kusini mwa nchi, Algarve, mpaka joto lipungue. Kesi ya usajili iliburuzwa kwa miezi. Mei 1961 ndipo alipocheza mara ya kwanza, mechi ya kirafiki, akafunga matatu.

Kisa cha Ruth ndicho tunachokipenda vijiweni, na mimi nimekisimulia sana. Majuma haya matatu nimekisoma kwa jicho la Babu.

Miezi sita kabla ya ndege ile, tarehe 16 Juni 1960, umati ulikusanyika Mueda mbele ya ofisi ya utawala wa Kireno. Askari wakawafyatulia risasi. Mama yake Babu alikuwa binti wakati ule, na alikuwa na jamaa katika umati huo. Msumbiji hiyohiyo, mwaka huohuo. Huku risasi, kule tiketi ya ndege.

Na kijana alisafiri na barua. Mama Elisa alimwandikia Mário Coluna, Mmsumbiji mwenzao aliyekuwa tayari kiungo mkubwa wa Benfica, akimwomba amwangalie mwanawe. Coluna akamlea kweli, mpaka mambo ya fedha. Eusébio alimwita Bwana Coluna, kwa adabu ya mdogo kwa mkubwa, hata walipokuwa wanavaa jezi moja.

Barua ile hunigusa kuliko mabao mengi. Mama anamkabidhi mwanawe kwa mtu wa nyumbani aliyeko ugenini, kama sisi wote tulivyokabidhiwa kwa mjomba wa mjini. Mama yule hakuwa anamtoa mwanawe kwa Ureno. Alikuwa anamtoa kwa Coluna.

Mwaka na nusu baadaye, 2 Mei 1962, walikuwa Amsterdam kwenye fainali ya Kombe la Ulaya. Real Madrid ya Puskás na Di Stéfano iliongoza 3–2 hadi mapumziko, yote matatu ya Puskás. Coluna akasawazisha. Eusébio akafunga penalti, kisha faulo. 5–3. Alipobebwa mabegani na mashabiki, kitu alichokuwa anakilinda ni jezi ya Di Stéfano, shujaa wake wa utotoni.

Alikuwa na miaka 20.

## Kiti kilichoachwa wazi

Hapa ndipo nilipopata shida hasa, kwa sababu mabao tisa yale yana historia ambayo sikuwahi kuiunganisha.

Kombe la Dunia la 1966 halikuwa na nchi hata moja ya Afrika. FIFA iliitengea Afrika, Asia na Oceania nafasi moja, na bingwa wa Afrika angelazimika kucheza tena na mshindi wa upande ule mwingine ili kuipata. Nchi za Afrika, Ghana ya Nkrumah ikiwa mbele, zilikataa. Zikajitoa zote. Ni kwa sababu ya mgomo ule ndiyo maana 1970 Afrika ilikuwa na nafasi yake yenyewe, na Morocco ikaenda.

Nafasi ile ya 1966 iliangukia kwa Korea Kaskazini, walioifunga Australia mara mbili Phnom Penh.

Sasa fikiri. Waafrika wamesusa. Kiti chao amekikalia Mkorea. Mkorea anamtoa Italia kwa bao 1–0, dunia inaduwaa, anaingia robo fainali, na anayekutana naye pale ni Ureno. Mfungaji wa Ureno ametoka Mafalala. Nahodha wa Ureno ni Coluna. Katika kikosi kizima kuna wazaliwa wanne wa Msumbiji: hao wawili, Hilário na Vicente.

Na wakati huohuo, katika nchi yangu, vijana wa Msumbiji walikuwa wanafundishwa vita. Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam, Juni 1962, chini ya miezi miwili baada ya jezi ya Di Stéfano. Risasi za kwanza za vita zilipigwa Chai, Cabo Delgado, 25 Septemba 1964. Kambi zilikuwa Kongwa, kisha Nachingwea. Wakimbizi walikuwa wanavuka Ruvuma kwa mitumbwi, mama yake Babu miongoni mwao.

Nimejiuliza: siku ile, 23 Julai 1966, kama palikuwa na redio Kongwa, na mtangazaji akataja bao la Eusébio, waliokuwa wakisikiliza walifanya nini? Walishangilia? Walizima?

Ningekuwa mimi ningeshangilia. Kisha ningeona aibu.

## Dakika 25

Goodison Park, Liverpool. Korea Kaskazini walifunga dakika ya kwanza. Wakafunga la pili dakika ya 22, la tatu dakika ya 25. Ureno 0, Korea 3.

Nimeitazama mechi hii mara nyingi kuliko mechi yoyote ya timu ninayoishabikia. Ninachokitafuta kila mara ni uso wake baada ya bao la tatu, na sikipati, kwa sababu kamera za wakati ule hazikuwa na muda na nyuso. Kinachoonekana ni mwili. Dakika ya 27 anapiga, wavu unatikisika, na hapohapo anaingia golini, anauokota mpira mwenyewe na kukimbia nao katikati ya uwanja. Hakuna kupiga magoti wala kukumbatiana. Dakika ya 43 penalti, na mpira anaufuata tena.

Kipindi cha pili anafunga la tatu dakika ya 56. Kisha anachukua mpira upande wa kushoto, anakimbia, na Wakorea wanajaribu kumkata mmoja baada ya mwingine hadi wanamwangusha ndani ya boksi. Anainuka akichechemea. Anapiga penalti hiyo yeye mwenyewe, dakika ya 59. Manne. José Augusto akaongeza la tano.

Kabla ya hapo alikuwa ameshawafunga Bulgaria bao moja na Brazil mawili. Nusu fainali Wembley, Uingereza walishinda 2–1, na penalti yake ilikuwa bao la kwanza kumpita kipa wao Gordon Banks mashindano yale. Alitoka uwanjani akilia, akijifuta kwa jezi. Siku mbili baadaye akamfunga Lev Yashin, kipa wa Muungano wa Kisovieti, kwa penalti, Ureno ikawa ya tatu. Jumla tisa, mfungaji bora.

Picha ya machozi ya Wembley ndiyo Wareno walioitunza. Wanasema alilia kwa ajili ya Ureno, na siwezi kuwakatalia. Mtu hulilia alichokitolea jasho.

## Mali ya taifa

Kilichonigeuza mawazo ni habari ya Italia.

Klabu za Italia zilimtaka kwa fedha ambazo Benfica hawakuwa nazo hata kwa ndoto. Juventus walimtaka mapema. Eusébio mwenyewe alisimulia kwamba Salazar, mtawala wa Ureno, alikataa asiondoke: yeye ni mali ya taifa. Aliitwa pia kwenye jeshi la Ureno kutumikia kama vijana wengine, na picha zake ndani ya sare zipo. Baada ya 1966 Inter nao walimtaka, lakini Italia, kwa uchungu wa kufungwa na Wakorea walewale, ilifunga milango kwa wachezaji wa kigeni. Mlango ukafungwa mara ya pili.

Mali ya taifa.

Nilikuwa nalichukulia neno hilo kama sifa. Safari hii nililisoma nikafunga kompyuta, nikatoka nje. Mali huwekwa. Mali haiulizwi. Kwa Mafalala neno hilo halikuwa geni: watu wa mitaa ya mabati walishahesabiwa, walishapelekwa kazi za shuruti, walishaambiwa wapi pa kulala. Huyu mmoja alipewa viatu, nyumba, Mpira wa Dhahabu wa 1965, heshima za kila aina. Ruhusa ya kwenda anakotaka hakupewa.

Basi swali la Babu, alimfungia nani, linadai kwamba palikuwa na kuchagua. Mwaka 1961, alipovaa jezi ya Ureno mara ya kwanza, timu ya taifa ya Msumbiji haikuwepo ya kuichagua. Bendera haikuwepo. Frelimo yenyewe haikuwepo.

Lakini hapo napo nasita. Wapo waliochagua kabla ya bendera kuwepo. Ndio walioitengeneza bendera. Samora aliiacha kazi ya uuguzi na kukimbilia Dar es Salaam 1963. Wapo wenye miaka 18 waliovuka mto kwa miguu. Eusébio hakuwa mtu wa siasa hadharani, si wakati wa vita, si baadaye. Je, nimdai kijana aliyeondoka na barua ya mama yake ujasiri ambao mimi sijawahi kuombwa? Najua pia kwamba serikali ya Lisbon ilimtumia. Ilikuwa ikiuambia ulimwengu kwamba haina makoloni, ina majimbo tu ng'ambo ya bahari, na kwamba rangi zote ni Wareno. Kila bao lake lilikuwa ushahidi wao.

Mabao mazuri yakatumika kwa uongo. Hilo sina namna ya kulilainisha.

## Siku tano

Mwaka 1975 ndio unaonifanya niwe mpole.

Baada ya misimu 15 Benfica, mataji 11 ya ligi na mabao 473 katika mechi 440 za mashindano, goti lake la kushoto lilikuwa limepasuliwa mara kadhaa. Utawala uliomwita mali ya taifa ulikuwa umeangushwa Aprili 1974. Mlango ukawa wazi, na yeye ana miaka 33 na mguu mbovu. Akaenda Marekani kuichezea Boston Minutemen.

Tarehe 20 Juni 1975 alicheza Boston dhidi ya New York Cosmos ya Pelé. Alifunga. Uwanja ulijaa kupita kiasi, na Pelé alipodhani amesawazisha watu walimvamia hadi akatolewa kwa machela.

Siku tano baadaye, 25 Juni, usiku wa manane, Samora alitangaza uhuru wa Msumbiji. Alikuwa amesafiri nchi nzima kutoka Ruvuma mpaka Maputo. Alitangazia kwenye uwanja wa mpira wa Machava, ambao Wareno walipoufungua 1968 waliupa jina la Salazar.

Nchi ya Eusébio imezaliwa ndani ya uwanja wa mpira. Na yeye yuko Boston, kwenye uwanja mwingine, goti limefungwa bandeji.

Kama angezaliwa miaka 20 baadaye. Mara ngapi tumelisema hilo kuhusu watu wetu.

Coluna alirudi Msumbiji, akaongoza shirikisho la soka la nchi hiyo, akafia Maputo. Eusébio alizunguka Toronto, Monterrey, Las Vegas, na akarudi Ureno kwa muda kuichezea Beira-Mar, klabu ndogo. Walipokutana na Benfica, kwa masimulizi yake, aliwaambia rafiki zake wa zamani hatawafunga, na faulo ya karibu ilipopatikana hakuipiga.

Naye ni mtu aliyefukuzia kila mpira golini Goodison. Mwisho alikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyemwamulia, nalo ni kutofunga.

Alifariki Lisbon tarehe 5 Januari 2014. Coluna alimfuata 25 Februari. Ureno iliomboleza siku tatu, na 2015 ikamhamishia kwenye Pantheoni ya taifa, jengo la makaburi ya watu mashuhuri wa nchi, mwanasoka wa kwanza kulazwa humo. Hata kaburini ni mali ya taifa.

## Babu anatazama

Jumapili iliyopita nilikwenda Mwenge mapema, kabla ya wengine. Sikuwa na jibu, nilikuwa na simu tu yenye mechi ya Korea ndani yake. Nikamwomba Babu aitazame. Alikuwa hajawahi kumwona Eusébio akitembea, achilia mbali kukimbia; alimjua kwa jina na kwa uchungu.

Aliweka kinyago chini, akafuta vumbi la mpingo mikononi, akaishika simu kwa mikono miwili mbali na macho. La kwanza hakusema kitu. Baada ya la pili akauliza, "Mama yake alikuwa hai?"

Nikamwambia alikuwa hai, Lourenço Marques.

"Aliona?"

Msumbiji ya wakati ule haikuwa na televisheni, Babu.

Akaguna. Bao la tatu likaingia, na yule bwana mrefu akauwahi mpira wavuni, akaanza kukimbia nao katikati. Babu akanirudishia simu.

"Anakimbia kama mtoto aliyetemewa mate," akasema.

Nilielewa. Mama anatema mate chini, anakutuma dukani, na anakwambia urudi kabla hayajakauka. Utakimbia bila kuangalia nyuma, hata kama hujui chumvi ile ni ya mboga ya nani.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema Babu. "Pale anapouokota."